Jeli ya Alfajiri

Joto lilinianza mwaka ambao mvua ya Aprili haikuja, na kwa muda mrefu nililaumu hali ya hewa. Huu ni mji wa joto, nani angejua? Lakini nilipoanza kuloa jasho hata mwezi wa Julai, wakati upepo unawavalisha watu wa mtaa wetu wa Chechelesi makoti, nikajua shida ni mwili wangu. Damu ya mwezi ilikuwa imeniaga kitambo. Kwa hilo sikulia, maana Ramadhani nilifunga yote bila kubakisha siku ya kulipa. Kilichoniua ni usingizi. Ulikwenda zake na haukurudi.

Mtu asiyelala hana tabia. Dukani kwangu niliwafokea wateja kwa kushika vitambaa, kana kwamba kuna njia nyingine ya kununua kitambaa. Nyumbani nilimfokea mume wangu, Abdikadir, kwa sababu alikuwa anapumua. Nasema kweli, kosa lake lilikuwa hilo. Yeye ana lori, hupeleka unga na sukari Sericho, na alikuwa akirudi amejaa vumbi na uchovu wake mwenyewe. Nilimwambia akalale sebuleni. Alichukua mto, akautia kwapani, akaenda. Tulisema ni kwa siku chache tu, lakini godoro lile la sebuleni likazoeleka kama kiti.

Rafiki yangu Kanana, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na taabu hizo hizo. Ndiye aliyesikia habari za Daktari Mwongera kule Meru, anayetibu wanawake waliofika umri wetu. Tukaenda pamoja. Daktari alitueleza kwamba angetupa homoni iliyotengenezwa ifanane kabisa na ile ambayo mwili wenyewe ulikuwa ukiitoa. Nilimuuliza imetoka wapi, kwa sababu siwezi kuzeeka nikiwa na kitu cha nguruwe mwilini. Akasema malighafi yake ni viazi vikuu. Kanana akasema kumbe tungekaa nyumbani tukachemsha viazi, na daktari akacheka kwa adabu, akasema haiendi hivyo. Alitupima, akauliza kama kuna saratani kwenye ukoo, kisha akatupa dawa zilezile sote wawili: kidonge cha kumeza tukienda kulala, na jeli ya kupaka mikononi, kutoka kifundo hadi kiwiko. Jeli ni ya asubuhi, alisema, ukiamka tu, kabla ya shughuli nyingine yoyote.

Nilitii. Mimi si wale wa kuacha dawa kabatini.

Kanana akaanza kulala. Uso wake ukajaa, akarudi kuimba kwaya aliyokuwa ameiacha. Mimi nilipata kausingizi kepesi ka kile kidonge, halafu joto likaniamsha kama kawaida. Daktari akaniongezea jeli kidogo, na bado hakukuwa na mabadiliko. Nilimwonea Kanana wivu hata nikawa sitaki kumsikia akisema ameamkaje.

Wifi yangu Bisharo alikuwa ameliona lile godoro la sebuleni, na yeye hana siri. Alisema kaka yake anazeeka kama mgeni ndani ya nyumba yake. Kule Sericho, ambako Abdikadir alikuwa akilala ndani ya lori kila anaposhusha mizigo, kulikuwa na mjane mpole aitwaye Hoda. Abdikadir hakumtafuta, alitafutiwa. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Mama Ikra," akasema, "ukisema hapana, hii maneno imeisha hapa. Sitaisikia tena."

Nilitaka kusema hapana. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini hapana ilihitaji nguvu. Ningesema hapana, ingebidi arudi chumbani, nami niwe mke tena, nicheke, nisikilize habari za barabara ya Sericho na pancha zake. Nilimwambia anipe muda. Moyoni nilijiambia kwamba jeli ikianza kufanya kazi nitasema hapana, na isipofanya nitamwachia. Nikangoja. Kila alfajiri nilijipaka nikiwa na tumaini, na kila siku nilishinda nimechoka kuliko jana. Siku moja akiwa Sericho nikampigia simu.

"Oa, Baba Ikra. Mimi nimechoka."

Akauliza kama nina uhakika, nami nikarudia kwamba nimechoka. Ndoa ikafungwa kabla mwezi haujaisha.

Baada ya hapo tukawa na siku ya kumwona daktari tena, na nilikuwa nimeamua kumwambia naacha dawa. Kanana alilala kwangu ili tuwahi gari. Alfajiri nikaamka, nikatoa jeli yangu, nikajipaka mikono yote miwili mbele yake huku akinimiminia chai. Adhana ikaanza. Nikatoka uani kwenye mfereji, nikapandisha mikono ya gauni langu la dira, nikatawadha kama ninavyotawadha tangu utoto: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi kwenye viwiko. Niliporudi nikijifuta, Kanana alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Ikra, si hapo ndio umepaka dawa?"

"Ndiyo."

"Na umeosha?"

"Nimetawadha, Mwalimu. Ni wakati wa swala."

"Kila siku unafanya hivyo?"

Niliitazama mikono yangu, safi kabisa. Daktari hakuniuliza kama naswali, na mimi sikuona kutawadha kuwa ni shughuli ya kumtajia mtu. Kumbe miezi yote ile dawa ilikuwa ikienda na maji kwenye mpapai wa uani. Nikamwambia Kanana ndiyo maana mpapai ule haujawahi kuonekana kijana kama mwaka huu. Tukacheka mpaka tukashikana. Kisha nikaketi kwenye kizingiti nikalia, naye, akijua ninacholilia, akakaa karibu nami.

Daktari alisikitika sana. Aliniambia nipake pajani, baada ya swala, niache ikauke. Haikuchukua muda mrefu. Asubuhi moja niliamshwa na adhana, si na joto. Nilitoka mbio hadi sebuleni kumwambia Abdikadir. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, kwa sababu ilikuwa zamu ya Sericho.

Aliporudi alileta samli aliyonitumia Hoda, nzuri, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nilimsimulia kisa cha mpapai nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Si ungengoja kidogo tu?"

"Nilikuwa nimechoka, Baba Ikra."

Akaitikia kwa kichwa. Tulipomaliza swala ya isha alichukua mto wake, akautia kwapani, akaelekea sebuleni, na wala sikuwa nimemfukuza. Nilibaki nimekaa kitandani, nimelala vya kutosha, nina nguvu zote za kusema hapana, na hakuna aliyekuwa akiniuliza.