Matairi Niliyochagua Mwenyewe

Mzee Thuwaini, mwenye duka la mchele wa jumla pale Tandale, aliniamini sana. Nilikuwa dereva wa pikapu yake mwaka wa sita. Matairi yalipoisha alinipa hela akasema, "Lusungu, kachague yanayofaa kazi. Wewe ndiye unayeijua gari."

Nilikwenda kwa Zubeda, anayeuza na kufunga matairi jirani na soko. Akanionesha ya aina mbili.

"Haya ni ya mzigo, ubavu wake mgumu. Yale ni ya gari za abiria. Yataingia, ila si ya kazi yako, kaka."

Nilijua anasema kweli. Lakini Jumapili huwa naazima pikapu kumpeleka mchumba wangu, Monica, kanisani, na matairi ya mzigo hurusha sana gari ikiwa tupu. Nilitaka Monica akae raha.

"Nifungie yale laini."

Akanionya tena. Nikamjibu kwa mkato kwamba mie si mwanafunzi wake. Akafunga.

Wiki ya tatu tulikuwa tunapeleka magunia Goba, huku Albano, mpagazi wetu, amekaa juu ya mzigo. Kwenye mteremko tairi la nyuma likapasuka. Gari ikaserereka, ikalalia ubavu mtaroni. Mie nilitoka mzima. Albano nilimkuta kwenye majani kati ya magunia, bega limevunjika, ananiuliza kama nimeumia.

Mzee Thuwaini alitukuta hospitali. "Yule mwanamke katuuzia tairi bovu," akasema.

Nikanyamaza. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikasikia ameshawakataza madereva wa sokoni wasiende kwa Zubeda, na bado nikanyamaza.

Jumamosi nilikwenda kumwona Albano nyumbani kwake. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti ya Zubeda ndani.

"Nisamehe, kaka Albano. Nilimwambia yale si ya mzigo, lakini nilipaswa kukataa kabisa kumfungia."

Mtu niliyemwachia kosa langu alikuwa akiliombea msamaha. Nilitamani kurudi nilikotoka, lakini nikasukuma pazia.

"Dada Zubeda hana kosa," nikasema. "Alinikataza mara mbili. Nilitaka gari iwe laini Jumapili, basi."

Albano hakunitukana. Aligeuzia uso wake ukutani, nami nikabaki nimesimama hapo na mfuko wangu wa machungwa.

Nikaenda moja kwa moja dukani, nikamwamkia Mzee Thuwaini, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Umeniacha nimvunjie heshima mtoto wa watu," akasema. "Nipe funguo. Twende."

Mbele ya madereva waliokuwa kijiweni alimwomba Zubeda radhi, kisha akanigeukia. Nikasema kwa kinywa changu nilichofanya. Wengine walitazama chini. Nadhani walinionea aibu. Zubeda alisema, "Nimesikia," akaendelea kujaza upepo.

Pikapu sasa anaendesha mwingine. Mie nabeba magunia mahali pa Albano, na ujira wa siku unakwenda kwake mpaka bega lipone. Mkewe ndiye huja kuuchukua. Hunisalimia vizuri tu, nami nashindwa kumtazama usoni.