Mhojiwa wa Nne

"Hesabu mwenyewe basi! Anzia getini. Kwangu wa kwanza, kwa kinyozi wa pili, kwa mwalimu wa chekechea wa tatu. Wa nne ni nani? Nani, kama si wewe?"

"Kahesabu mitumba yako. Mlango wangu uache."

"Kwani mimi nimesema nini? Mimi sijasema kitu. Chuo ndicho kilichosema."

Walikuwa wanawake wawili, mmoja kila upande wa kamba ya nguo, na shuka lililolowa likiwatenganisha. Aliyehesabu milango ni muuza mitumba, ambaye ua mzima ulimwita Redio kwa sababu ambazo hata mgeni wa siku moja angezielewa. Aliyehesabiwa ni fundi cherehani, mke wa mchomeleaji vyuma. Na pale bombani alisimama msichana ambaye ndoo yake ilishajaa kitambo, maji yanamwagikia ndala zake, naye hana hata akili ya kufunga bomba. Ugomvi wote ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeuleta nyumbani, kwenye mkoba wa chuo.

Walimwita Profesa. Profesa wa wapi, na wakati ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili wa maendeleo ya jamii! Lakini tangu aanze chuo hakupita ua ule bila swali mkononi, jina likamganda. Wenzake walihangaika kutafuta mahali pa kufanyia kazi walizopewa na wahadhiri. Yeye alifungua mlango tu. Kazi ya takwimu ilipokuja, alipima ndoo za maji kila nyumba. Ya lishe ilipokuja, aliuliza watoto wamekula nini jana. Somo la sheria liliwataka waandike mgogoro mmoja na jinsi ulivyoamuliwa, naye akaandika vita vya kamba hiyohiyo ya nguo, kurasa kumi na moja, na mhadhiri akamwandikia "safi sana" kwa kalamu nyekundu. Kwa uchumi alimfuata Redio mnadani kutwa nzima akimwandika anavyopatana na wateja, na Redio akatembea siku ile kama bibi harusi.

Maana watu wa pale walipenda kuulizwa. Nani mwingine aliwahi kuwauliza kitu na kusubiri jibu? Redio alipoachwa kwenye kazi ya lishe kwa kuwa hana mtoto nyumbani, alinuna mpaka akaitwa peke yake, akaulizwa yeye mwenyewe anakula nini. Akaeleza mpaka chai ikapoa.

Basi ikaja kazi ya saikolojia: mfadhaiko katika maisha ya familia. Hoji watu wazima wanane, ficha majina, tumia namba. Mhadhiri wa somo lile alikuwa na sharti lake ambalo wengine hawakuwa nalo. Ukishaandika, urudi kwa uliowahoji uwasomee, usikie wanasemaje. "Utafiti si wizi," aliwaambia. "Umechukua maneno ya watu, yarudishe."

Profesa akayarudisha. Jana yake, Jumamosi alasiri, watu walitoka na vigoda na ndoo za kukalia, mwingine kaja na mchele wake wa kuchambua, ua ukajaa. Mhojiwa wa Kwanza wakacheka. Wa Pili wakaguna. Kisha akasoma wa Nne, kwa sauti yake ya darasani, kama alivyowasoma wengine:

"Nimechoka. Watu wananiona nacheka wanadhani nimeridhika. Siku hizi nikisikia mlango unafunguliwa, moyo unashuka. Kama ningekuwa na pa kwenda, ningekuwa nimeshaondoka."

Hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kuangaliana, halafu wakaanza kuangalia milango.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na Profesa hakuliona mpaka lilipomkalia kichwani. Yeye aliwapa watu namba kwa jinsi alivyowahoji, wa kwanza kuhojiwa ni wa kwanza, basi. Lakini katika nyumba ile ya kupanga, namba zilikuwa na kazi nyingine miaka yote. Msimamizi wa nyumba akija hasemi fulani na fulani, anasema mlango wa pili taa inawaka mchana, mlango wa tano mmeziba mtaro. Kwa hiyo wa nne ni mlango wa nne. Na mlango wa nne alikaa mchomeleaji na mkewe.

Mchomeleaji alikuwepo pale jana. Hakuhojiwa, maana siku za mahojiano alikuwa kazini, lakini alikuja kusikiliza, na ilipofika zamu ya wa Saba alicheka kuliko wote. Mhojiwa wa Saba alisema mume wake anakoroma kama mashine ya kukoboa, lakini mume akisafiri, yeye hapati usingizi. "Huyo bwana wa saba kapata mke!" mchomeleaji alisema, akapiga paja.

Lahaula. Wa Saba ndiye mkewe.

"Mimi ya kwangu ni yale ya kukoroma!" fundi cherehani alikuwa akisema sasa, kwa sauti iliyoanza kukatika. "Tangu jana nawaambia. Ya kukoroma ndiyo yangu!"

"Mlango wa saba ni kwa muuguzi," Redio akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Muuguzi alikuwa kizingitini kwake, kakunja mikono. Tangu jana mumewe alikuwa akipewa hongera na wanaume wenzake, leo asubuhi kamletea mkewe chai kitandani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Muuguzi alitazama kucha zake. "Mimi sitaki kuingilia," akasema.

"Na mimi sikoromi," ikasikika sauti ya mchomeleaji.

Alikuwa ametoka. Mkononi alishika begi la mkewe, lile la zipu ya kijani, akaliweka chini kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayetua yai. Ule utaratibu ndio uliomtisha Profesa kuliko makelele yote.

"Nimempigia kaka yako simu," akamwambia mkewe. "Anakuja kukuchukua. Pa kwenda hukuwa napo, nimekutafutia."

"Baba wee, si mimi!"

"Kila siku nafungua mlango ule. Natoka kazini macho yananiwasha kwa moto wa kuchomelea, nafungua mlango nasema nimefika nyumbani. Kumbe ndani humo kuna mtu moyo unashuka." Akamgeukia Profesa. "Mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeandika. Sitaki kelele za hawa. Neno moja tu. Ni yeye, au si yeye?"

Bomba likafungwa, sijui na nani.

Ungedhani ni jambo dogo. Si aseme tu "si yeye", yaishe? Lakini Profesa alishaipiga hesabu hiyo tangu jana akiwa kitandani, macho kwenye bati. Akisema si fundi cherehani, Redio atauliza na mimi je? Akisema si wewe, kinyozi atauliza, na mwalimu naye. Wahojiwa walikuwa wanane tu, tena wote wako pale. Wataondolewa mmoja mmoja kama sahani mezani mpaka abaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa nyuma yake, mlango wa mwisho, anakoroga chungu. Aliwaapia wote kwamba siri zao zitabaki kwake. Na juu ya meza yake huko ndani ilimsubiri kazi ya kesho ya maadili ya utafiti: eleza hatua ulizochukua kulinda siri ya mhojiwa. Alikuwa ameandika kichwa cha habari, akapigia mstari, akakwama hapo.

"Siruhusiwi kusema," akasema.

"Haa!" Redio akapiga makofi. "Haruhusiwi! Kama si yeye angeshindwa nini?"

"Mdogo wangu," fundi cherehani akamsogelea, akamshika kiganja. Mikono yake ilikuwa na vitobo vidogovidogo vya sindano. "Mimi mwenyewe nakuruhusu. Yangu nakupa. Waambie wa saba ni mimi."

Kwa hilo Profesa alipumua. Mwenye siri kaitoa mwenyewe. "Ni kweli," akasema kwa nguvu. "Wa Saba ni yeye. Namba si za milango. Hata siku moja hazikuwa za milango."

"Unanivua nguo mbele za watu?" muuguzi akafoka.

"Kwani si ulisema hutaki kuingilia?" mwalimu wa chekechea akamchokoza.

"Sasa hivi ulikuwa huruhusiwi," mchomeleaji akasema taratibu. "Kakushika mkono, umeruhusiwa. Mmeongea nini tangu jana nyie wawili?"

"Hatujaongea, shemeji. Haki ya Mungu," Profesa akaapa.

"Na kama namba si za milango," Redio akaingia, macho yanang'aa, "wa nne ni nani basi? Tutajie huyo tumalize."

Profesa alikuwa amejibu maswali ya takwimu yaliyowaliza wanaume darasani. Hili hakuwa na pa kuanzia.

"Wa nne ni mimi."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Shangazi yake Profesa, dada wa baba, msusi ambaye ua wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Shangazi. Nyumba yake haikuwahi kufungwa mchana. Mle ndani alilala Profesa, walilala watoto wawili wa mdogo wake, alilala shemeji aliyekuja kutafuta kazi mwaka ambao hakuna tena aliyeukumbuka. Mtu akikosana na mwenzake alikwenda kwa Shangazi. Mtu akikosa mboga alikwenda kwa Shangazi. Hata waliokuja kusukwa walisukwa nusu saa, wakakaa nusu siku.

"Maneno yale ni yangu," akasema tena. "Nilimwambia mtoto, akayaandika kama nilivyomwambia. Mwache mkeo, baba."

Redio ndiye aliyeanza, kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kinyozi, halafu wote.

"Shangazi jamani! Wewe moyo ukushuke, mlango ukifunguliwa? Si ungeshakufa!"

"Shangazi kwa kutetea watu, hana mpinzani," akasema kinyozi, anajifuta machozi.

"Nasema kweli," Shangazi akasema.

"Tunajua, tunajua. Na mwaka ule ulisema wewe ndiye uliyevunja kioo cha msimamizi."

Hata mchomeleaji alitabasamu, tabasamu la heshima, la huzuni. "Shangazi, mimi nakuheshimu kama mama. Lakini usijitwishe mzigo usio wako kwa ajili ya huyu. Mwenyewe atajibu kwao."

"Ni yeye kweli," Profesa akasema. "Ni Shangazi."

Redio alimtupia jicho tu, kama mtu aliyeona mtoto anamtia mama yake aibu, akageuka.

Profesa alikumbuka siku ile ya mahojiano. Shangazi alikuwa anamenya vitunguu, akamwambia, "Niulize kama mtu usiyenijua." Profesa akaona mchezo mzuri, akamwita "mama", akauliza swali la kwanza kwenye karatasi. Na Shangazi akajibu, bila kuinua macho, mpaka mwisho. Alipomaliza akauliza, "Umeandika? Haya, niletee chumvi." Profesa akaleta chumvi. Kazi iliposahihishwa alipata alama za juu darasani, wenzake wawili wakaja naye nyumbani kufurahia, wakala wakashiba. Mlango aliufungua yeye, kwa bega, huku anacheka. Sasa alitaka kukumbuka uso wa Shangazi ulikuwaje walipoingia, na hakuweza, maana hakuuangalia.

Watu walianza kutawanyika, mmoja na ndoo yake, mwingine na kigoda. Muuguzi alifunga mlango kwa kishindo. Mchomeleaji aliingia ndani kwake naye akafunga, polepole, kitasa kikalia mara moja. Redio alibaki kidogo akinyoosha shuka lisilohitaji kunyooshwa, kisha akakumbuka kwamba jirani wa nyumba ya pili bado hajasikia.

Fundi cherehani alivuta begi lake mpaka karibu na geti, akalikalia, akatazama barabara kaka yake atakakotokea.

Profesa alimfuata, akasimama mbele yake. "Nitakwenda kwa mhadhiri," akasema. "Kesho asubuhi. Nitamwomba aje mwenyewe aeleze."

"Aeleze nini, mdogo wangu? Wameshaelezwa, wamecheka." Alisema bila hasira. Profesa alitaka kuomba radhi, akaona radhi yenyewe ni nyepesi, haina pa kukaa. Akainama, akafunga zipu ya lile begi iliyokuwa imeachia pembeni. Ndilo pekee aliloweza kufanya.

Ndala za Shangazi zikasikika zinakuja. Alikuwa ameacha mwiko. Nyuma yake, mlango wa mwisho ulikuwa wazi kama kawaida, na humo ndani shemeji alikuwa anauliza kwa sauti kama chakula bado, watoto wanagombania sahani, na mteja mmoja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, ameshakaa mkekani anasubiri.

Fundi cherehani alimtazama Shangazi usoni kwa muda. Hakuwa miongoni mwa waliocheka.

"Kumbe ni wewe kweli," akasema kwa sauti ya chini.

Shangazi alitazama barabara, akaitazama nyumba yake, kisha akamnyooshea mkono kumwinua.

"Kaka yako atachelewa, leo Jumapili," akasema. "Njoo ndani ule. Na wewe, Profesa, mletee begi lake."