Dirisha la Ashura

Katika mji wa kale wa Bagamoyo nyumba zina kanuni zake: usipige saruji ukuta wa chokaa, usiezeke bati la kung'aa, usizibe kichochoro. Watu huzivunja mchana kweupe, kamati ya mtaa huandika barua, na barua huishia kufungia karanga. Majid peke yake ndiye aliyekuwa hawezi kulala kanuni ikivunjwa. Miaka kumi alikuwa katibu wa kamati, na watu walimwita Bwana Kanuni mbele ya uso wake, naye akiona amesifiwa.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya madirisha. Dirisha la ghorofani lisitazame uani kwa jirani, maana uani ndiko mke wa mtu anakofunua kichwa na kuchana nywele. Basi jirani yake Ashura, mjane anayeshona nguo, alipotoboa ukuta wa juu apate mwanga wa cherehani, Majid alimshtaki wiki ile ile. Mkewe Mardhiya alimwambia, "Mwache bwana, mwanamke mwenzangu yule." Majid akajibu kwamba Ashura ana wana wawili wanaume, nao wana macho.

Shauri likakokotwa miaka mitatu. Mara fundi hayupo, mara faili halionekani. Majid akastaafu ukatibu. Wana wa Ashura wakahamia Dar. Mardhiya akaugua, akafariki. Watoto wao walikuja kutoka Maskati, wakakaa matanga, wakarudi, na Majid akabaki na vyumba sita na birika moja la chai.

Siku moja baada ya arubaini alikuwa uani, chai imempoa mkononi, akasikia sauti juu.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Na hiyo chai kavu ndiyo nini? Umekula?"

Tangu hapo ikawa kila asubuhi. Ashura asingeweza kupiga hodi mlangoni kwa mwanamume anayeishi peke yake. Mtaa ungekuwa na la kusema kabla ya adhuhuri. Lakini dirishani, kila mtu yuko kwake na cherehani inakwenda, haikuwa aibu. Wenye midomo walisema si waoane tu yaishe. Ashura aliwajibu kwamba ameshafua kanzu za mume mmoja na zinamtosha. Majid naye hakutaka mke. Alitaka mtu wa kumwona kwamba ameamka, na simu haikumfaa kitu, masikio yake yalishachoka. Alipoanguka na homa, ni Ashura aliyepiga kelele kichochoroni, "Nendeni kwa shemeji, leo hajatoka!" Wakamkuta hajiwezi.

Kisha Jumatatu moja kamati ikachora alama ya X nyekundu chini ya dirisha, kwamba lizibwe. Majid aliiona. Alienda moja kwa moja kwa Najim, katibu mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kufuta lalamiko langu."

Najim alikuna kichwa. "Halifutwi, mzee wangu. Kifungu cha tisa."

Kifungu cha tisa Majid alikijua, alikiandika mwenyewe. Majirani wa pale wakishtakiana huendeana jioni na kahawa na halua, wakasameheana, kesi ikafa na ukuta ukabaki. Hilo lilimchosha, akaandika kwamba lalamiko likishapokelewa ni la mtaa, si la mtu tena.

"Mke wangu amekufa, Najim. Uani kwangu hakuna wa kusitiriwa."

"Kanuni inaangalia nyumba, mzee. Kesho atakaa mwingine. Halafu hii ndiyo kesi ya kwanza tunayoimaliza. Tukiiacha, nani atatusikiliza?"

Majid akageuka kwenda zake. Miaka kumi alikuwa akiwajibu watu hivyo hivyo.

Asubuhi ya pili alisimama uani akatazama juu. "Shemeji, aliyekushtaki ni mimi."

"Najua," Ashura alisema, bila kusimamisha cherehani. "Barua nilionyeshwa. Mwandiko wako si nimeuona kwenye orodha za harusi za mtaa mzima?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeona haya, ukanywea chai chumbani."

Alhamisi alikuja fundi Bwanausi na mawe na chokaa, maana hata kuziba kuna kanuni yake. Alizibia kwa ndani, upande wa Ashura, jiwe juu ya jiwe. Uani Najim alisimama na fomu karibu na Majid. Lilipobaki tundu la mkono mmoja, sauti ya Ashura ikapita.

"Shemeji, usiache kula."

Majid akafungua mdomo amjibu. Jiwe la mwisho likaingia.

"Sehemu ya mlalamikaji," Najim alisema, akisoma. "Hapo ulipo, kuna mtu anayekuona?"

Majid alitazama juu, chokaa bado mbichi.

"Hakuna," alisema, akatia sahihi.