Mlango Aliojifungia Mbarouk

1.

Sauti ilikuwa inasikika. Tuliseme hilo mapema, kabla hujaanza kumwonea Mbarouk huruma.

2.

Kijiji kimelala bondeni, Pemba, na simu huko ni pambo tu. Anayetaka kuzungumza hupanda kilimani. Ndiyo maana Mbarouk, fundi wa mitandao huko Maskati, alimtumia mama yake, Bi Mize, kisanduku chenye antena inayoutazama mnara wa kilimani. Watu wakamsifu. Miaka saba hajarudi, hata kumzika baba yake hakuja, lakini kisanduku kilifika.

3.

TANGAZO
NI MARUFUKU KUZIMA, KUCHOMOA AU KUGUSA KIFAA HIKI.
KWA TATIZO LOLOTE, NIPIGIE.
*Mbarouk, Fundi*

(Limebandikwa juu ya kisanduku. Halijawahi kukiukwa.)

4.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," alisema Mbarouk kwenye simu ya picha.

"Umekuja?" Bi Mize alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Tangu mwezi uandame hajainuka kitandani. "Umekuja wapi, mwanangu?"

"Mama..."

"Nisikilize. Yale ya baba yako, mie moyoni mwangu..."

"Ngoja, mama! Usiseme kwanza. Picha imeganda. Nataka nikuone."

Aliogopa neno litakalofuata. Picha ilikuwa kisingizio.

5.

Mafundi wana desturi yao. Kabla hujagusa mtandao wa mashine iliyo mbali, unafunga kamba: unaiamuru ijizime na kujiwasha yenyewe baada ya dakika kumi. Ukikosea ukajifungia nje, itaamka na mipangilio yake ya zamani, ikufungulie.

Mbarouk huwafungia kamba wateja wote. Vijana wasiofunga huwafokea mpaka mate yanaruka.

Kwa mama yake hakufunga. Kwa mama mtu hupiga hodi?

6.

`ip link set wlan0 down`

Yaani: antena, lala. Amri ya pili ingebadilisha mipangilio, ya tatu ingeiamsha. Ila amri zote hupitia antena hiyo hiyo.

Akabonyeza.

Kimya.

Kavuta mlango, na ufunguo umebaki ndani, msumarini.

7.

Hakuna jibu.

Hakuna jibu.

"Simu unayopiga haipatikani." Ya dadake, Mwanakheri. Haipatikani, haipatikani, mjinga mimi, itapatikana vipi?

Hakuna

       jibu.

Akasimama. Akakaa. Akasimama.

8.

Bondeni, chumbani:

"Mwanakheri, kakako kapotea?"

"Kapotea, mama."

"Si uchomoe hicho kidude, ukichomeke tena?"

"Kaka kakataza. Kaandika tumpigie."

"Mpigie basi."

"Kwa kidude hicho hicho, mama."

Bi Mize akavuta pumzi ndefu. Akamwambia bintiye alete sikio, akaimalizia ile sentensi. Kwa kunong'ona. Hata wewe unayesoma hukualikwa.

Mwanakheri akafuta machozi. Akalitazama tangazo.

Akalibandua.

9.

Jibu.

Jibu. Jibu. Jibu.

Amri ya kulala ilikuwa ya mdomo tu, haikuandikwa popote. Umeme ulipokatwa, kisanduku kikaisahau.

"Nimechomoa, kaka. Nisamehe."

"Mama yuko wapi?"

"Kalala."

"Kalala vipi, Mwanakheri?"

"Kalala, anapumua. Neno lake kalimaliza."

"Niambie!"

"Kanikataza."

"Ni radhi au si radhi? Hilo tu, dada yangu, nakuomba."

"Kasema sauti yako ishafika mara nyingi. Safari hii ije miguu. Neno utalikuta kwake."

"Na kama nitachelewa?"

Mwanakheri akaielekeza simu kitandani kwa mama. Mtandao haukuwa na kosa.

10.

Picha sasa ni safi kuliko siku zote. Zinaonekana mpaka nyuzi za blanketi.

Pembeni, kwenye kioo cheusi, alama nyeupe inawaka na kuzima, inangoja amri. Mbarouk hana amri ya kuipa. Pasi ya kusafiria iko mkononi, viatu havijavaliwa, na macho hayataki kubanduka.

Blanketi linapanda.

Linashuka.

Linapanda