Wani Wawili wa Mogga

Kishikwambi kilikataa tena, na muuguzi Zilpah akatamani kukitosa kwenye ndoo ya maji machafu. Mtoto alikuwa amelala mezani mbele yake, anachemka, ameshashikwa na degedege njiani. Kipimo cha malaria kilikuwa na mistari miwili. Kilichobaki ni sindano, na sindano zimo ndani ya kabati la chuma lisilofunguka mpaka kishikwambi kiridhike.

Hakikuridhika. Kilisema Wani Mogga Lagu, aliyezaliwa tarehe mosi Januari, amedungwa leo asubuhi, arudi jioni.

"Sista, hiyo ni uongo," alisema Josline, mama wa mtoto. Kiswahili chake alikiokota kambi ya wakimbizi Uganda. "Huyu bado dungwa. Ile ya asubuhi ni mtoto ya mke mwenzangu."

Na ni kweli. Wabari wa hapa Juba huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na mvulana wa tatu wa mama yake ni Wani, basi, hakuna mjadala. Mogga ana wake wawili, na kila mmoja amemzalia wavulana watatu. Wani wa mke mkubwa alikuwa kitanda cha dirishani, ameanza kuomba uji. Wote wawili ni wa mwaka mmoja, siku hakuna anayezikumbuka, na asiyejua siku yake mashine humpa mosi Januari. Nusu ya Juba imezaliwa siku hiyo. Watafiti wa mradi waliotengeneza mfumo huu walikaa hapa hotelini, wakala samaki wa Nile, wakapiga picha, wakarudi kwao bila kuuliza jambo hilo moja. Wasomi!

"Vunja hilo kabati," Zilpah alimwambia Fulgensio, mtunza dawa.

"Nikivunja, mradi unatunyima dawa zote, Sista. Kuna kliniki walifanyiwa hivyo. Watu wakawa wanapewa panadol kwa kila kitu."

"Tubadilishe tarehe basi."

"Inataka picha ya cheti cha kuzaliwa."

Josline aliguna. Cheti cha kuzaliwa, kwa mtoto aliyezaliwa kichakani mama yake akikimbia.

Kumpeleka hospitali kubwa haikuwezekana, mvua ilikuwa imekata barabara mpaka maji yapungue. Zilpah alimpigia Daktari Kiprono, mkuu wa utafiti, Mkenya mwenzake, ambaye siku hiyo alikuwa papo hapo mjini kwenye kongamano la uvumbuzi wa kidijitali katika afya.

"Dada, nakaribia kupanda jukwaani," alisema Kiprono. "Na hiyo si hitilafu. Mfumo unazuia mtoto asidungwe mara mbili. Ndiyo kazi yake."

"Ni watoto wawili, daktari. Nawaona kwa macho yangu."

"Sawa, nitumie ushahidi."

Zilpah aliwalaza ndugu hao wawili ubavu kwa ubavu, akawapiga picha, akaituma. Jibu lilikuja upesi: *Picha safi sana! Wazazi wamesaini idhini ya kuionyesha jukwaani?*

Alilisoma mara mbili. Hasira ilimpanda, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Kiprono keshapanda jukwaani, hakuwa na wa kumtukana. Mtoto wa Josline akaanza kukakamaa tena. Zilpah alimgeuza ubavu, akamshika taya, akamwambia Fulgensio atafute nondo, liwalo na liwe.

"Sista," Josline alisema. "Andika Lado."

"Lado ni nani?"

"Kaka yake. Mliandika yeye hapa hapa, masika ile ingine." Akamfuta mtoto povu mdomoni. "Yeye hatatumia hiyo jina tena."

Hapo Zilpah akakumbuka. Hakumwangalia usoni. Aliandika Lado Mogga Lagu, na kishikwambi kikachangamka: *Karibu tena, Lado! Tulikupoteza.* Kabati likafunguka. Akachanganya dawa, akadunga, akaanza kumhesabia mtoto pumzi.

Mchana ulipoisha, homa ilikuwa imeshuka na mtoto amenyonya. Simu ikalia.

"Zilpah, umeniokoa!" Kiprono alikuwa anacheka. "Nilikuwa naonyesha takwimu moja kwa moja, ukumbi mzima ukaona mtoto aliyepotea kwenye ufuatiliaji anarudi. Makofi, dada. Mfadhili anataka kuja kesho kumwona huyo Lado."

"Lado alikufa, daktari. Malaria hii hii. Alifia mikononi mwangu."

"Lakini kwenye mfumo yuko hai."

"Kwenye mfumo hakuna pa kuandika kifo. Nilikuuliza mwaka jana, ukaniambia toleo lijalo."

Nyuma ya Kiprono watu walikuwa wanagonganisha vikombe.

"Huyu wa leo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "kesho atakuwepo? Maana... anaweza kukaa hapo tu. Si lazima aongee."

Zilpah alimtazama Josline, aliyekuwa anampangusa mwanawe jasho kwa ncha ya kanga na kumwita polepole, Wani, Wani.

"Atakuwepo," alisema. "Na mtamwita Wani. Mkimtaka Lado, nitawapeleka alikozikwa. Mwambie mfadhili wako aje na gambuti, kule ni tope tupu."