Mtu Asiyesalimiwa

Jumamosi moja ya Agosti 1996, saa nane mchana, ukumbi wa video wa Asmaa mjini Rongo ulikuwa umejaa, na kwenye ukuta wake wa nje hapakuwa na picha hata moja ya mtu aliyeshika bunduki.

Picha hizo zilikuwa zimebanduliwa. Mwezi uliotangulia kijana mmoja alijaribu kumpiga mwenzake teke aliloliona kwenye filamu, akaanguka na kuvunjika mkono. Naibu chifu alimwita Asmaa na kumweleza kwa utulivu kwamba malalamiko mengine yakimfikia, ukumbi utafungwa. Asmaa alikuwa mjane aliyekuja na biashara ya vitambaa kutoka Malindi. Vitambaa vilikwisha, na ukumbi ndio uliokuwa ukilisha nyumba yake. Hakubishana. Alikwenda Kisumu akarudi na kanda ya filamu ambayo ndani yake hakuna mtu anayeguswa. Mwenye kuikodisha alimwonya kwamba wateja huirudisha mapema. Aliichukua kwa sababu hiyo: filamu inayowachosha wapenda ngumi haingemletea malalamiko.

Mtafsiri wake, Zablon, alisimama kando ya runinga na maikrofoni. Lugha ya filamu hiyo hakuijua, na jambo hilo halikumsumbua, kwani nyingi alizozitafsiri hakuzijua lugha zake. Watu walimpendea kitu kingine: kila mwigizaji alimpa jina la mtu aliyeketi ukumbini. Mwigizaji mkuu alikuwa mnene mwenye tai, naye Zablon akamwita Okemwa. Okemwa mwenyewe, muuza ndizi wa jumla, alikuwa mstari wa mbele. Ukumbi ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Kicheko hakikudumu. Kwenye filamu, mtu yule aliamka, akaenda mezani, akakuta sahani ya kila mtu isipokuwa yake. Mkewe hakuwa na hasira. Alipita karibu naye akiimba. Watoto walicheza wakimzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Kila alipozungumza, hakuna aliyegeuka. Kisha jirani aliingia kuazima kiti, na kiti chenyewe ndicho alichokalia mtu yule. Jirani alisimama akingoja. Mtu yule alipoinuka, jirani alibeba kiti na kuondoka bila salamu.

"Msalimu!" sauti zilitoka nyuma. "Si msalimu mtu?"

Okemwa alimwambia Zablon aondoe jina lake. Zablon alikataa. Jina likishatolewa, alisema, halibadilishwi katikati ya filamu, watu watapotea. Filamu ilikwisha mtu yule akiwa amesimama katika chumba kisicho na kiti, na watu walitoka bila kusukumana mlangoni.

Jumatatu vijana wa sokoni waliugeuza mzaha. Walimpita Okemwa bila kumsalimu. Mmoja wao alifika alipokuwa amekaa, akamuuliza mwenzake, "Hii stuli iko na mtu?"

"Hapana, chukua tu," mwenzake akajibu.

Okemwa alirudi nyumbani akakuta watoto wanakula na mahali pake mezani pakiwa patupu. Mkewe Bathsheba alikuwa ameifunika sahani ya mumewe na kuiweka kando ya jiko ipate joto. Okemwa hakumuuliza iko wapi. Alilala bila kula, na asubuhi alikuwa mbele ya naibu chifu. Alisema kwamba filamu za ngumi hazijawahi kumkosesha usingizi, lakini hii imemkosesha.

Naibu chifu alimuuliza nani alipigwa humo. Okemwa alisema hakuna. Nani aliuawa? Hakuna. Naibu chifu alituma neno kwa Asmaa kwamba ataitazama filamu hiyo mwenyewe Jumamosi, Okemwa akiwa kando yake, na ndipo ataamua kuhusu ukumbi.

Zablon alipendekeza kanda ifichwe. Asmaa alikataa, kwa kuwa kuificha kungekuwa kukiri kosa. Zablon akapendekeza basi mtu yule aachwe bila jina.

"Asiye na jina, kila mmoja atadhani ni yeye," Asmaa alisema. "Jina lilitoka kinywani mwako. Sasa mpe lako."

"Mama, hiyo ni kunizika nikiwa mzima."

"Humo hamna anayezikwa. Nimeitazama mara mbili."

Jumamosi ukumbi ulijaa tena. Naibu chifu aliketi mbele na kofia yake magotini. Zablon alimtaja mwenye tai kwa jina la Zablon, na vijana wakapiga makofi. Alikuwa mtafsiri hodari na aliendelea vizuri mpaka kwenye meza. "Zablon anatafuta sahani yake," alisema, kisha akayarudia maneno hayo hayo.

Jirani aliingia kuazima kiti. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

"Jirani ameingia," Zablon alisema. "Amemwona Zablon. Hamsalimu." Baada ya hapo hakusema kitu, na ulisikika mvumo wa maikrofoni peke yake.

Okemwa hakuinuka mahali pake. "Zablon," aliita. "Uko?"

Mtafsiri aliacha kutazama runinga, akamtazama yeye.

"Niko, mzee."

"Basi endelea."

Zablon aliendelea hadi mwisho. Taa ilipowashwa, naibu chifu alimuuliza Okemwa mbele ya wote kama malalamiko yake yangalipo. Okemwa alijibu kwamba hana malalamiko, ila mara ya tatu hataitazama. Naibu chifu alimwambia Asmaa kwamba ukumbi hautafungwa. Kisha, kabla ya kutoka, alimsalimu kila mtu ukumbini kwa mkono. Alianza na Zablon.