Uani kwa Mama Hidaya

Michée Banza aliweka kiganja juu ya ukuta wa bweni la zamani, na alipokiondoa kilikuwa kimejaa rangi ya samawati. Ukuta ulikuwa umepakwa asubuhi ile ile. Akabaki anautazama mkono wake kama mtu aliyemwita rafiki kwa jina, akaitikiwa na mgeni.

Ndani, palipokuwa na vitanda vya chuma vilivyojipanga hadi dirisha la mwisho, sasa palikuwa na kompyuta zilizofunikwa plastiki. Dirisha lenyewe, ambalo wavulana waligombea kulala chini yake ili waone taa za meli kutoka Kigoma, lilikuwa limezibwa kwa matofali.

"Tuliogopa wezi," alieleza Abbé Achille, padre aliyekuwa mkuu wa shule. Alikuwa amehamishiwa Kalemie mwaka uliopita, na kila alipoonyesha jambo alilionyesha kwa fahari ya mwenye nyumba mpya.

Michée aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alikuwa ametoka Lubumbashi, alikofundisha historia, kwa sababu koleji ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu yake kubwa na ilimtaka mwanafunzi wa zamani aikamilishe historia yake kabla haijapelekwa kwa wachapaji. Njia nzima alikuwa ameibeba shule ile kifuani: harufu ya maharage kwenye ukumbi wa chakula, mashati meupe ya Jumapili, treni ya kutoka Kabalo ambayo kila mwanzo wa mwaka ilileta wavulana wa bara na masanduku yao ya bati, wakiimba kabla hata ya kuiona stesheni. Yeye mwenyewe alitokea Ankoro, kwa mtumbwi kwanza, kisha kwa treni hiyo. Lakini sasa alizunguka uwanja mzima, na kila alichokigusa kilikuwa cha mtu mwingine.

Ofisini, Abbé alimpa kurasa ambazo kamati ilikwisha kuziandika. Waasisi walikuwamo, na ujenzi wa kanisa, na maaskofu waliopita. Halafu sentensi moja: *Kwa sababu ya vita shule ilifungwa, ikafunguliwa tena amani iliporejea.* Michée aliipita, akasita, akairudia.

"Abbé, hapa pana kosa. Shule haikufungwa."

"Prof, wanajeshi walikaa humu. Madawati yaligeuzwa kuni. Nani asiyejua?"

"Walikaa, kweli. Ila sisi tulikuwa kwingine."

Abbé alimtazama bila kuelewa, na Michée hakuweza kueleza vizuri, maana tangu alipoondoka Kalemie hakuwa amelisimulia jambo lile kwa sauti. Mwaka ule vita vilikata reli. Wavulana wa mjini walirudi kwao, lakini wa mbali, wa Manono na Nyunzu na Ankoro, hawakuwa na pa kwenda. Wanajeshi walipoingia getini, Padre Edouard, mwalimu wao, aliwatoa kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na vitabu ndani ya foronya, akawateremsha hadi mtaa wa chini, kando ya ziwa. Huko alibisha hodi nyumbani kwa Mama Hidaya, mama wa Abedi, Mwislamu pekee katika darasa la Michée. Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Mama Hidaya alimtazama padre, akawatazama wavulana wenye foronya, akauliza neno moja tu:

"Wanakula samaki?"

Wakakaa. Padre alifundisha uani. Ubao ulikuwa ukuta wa chokaa na chaki ilikuwa kipande cha mkaa wa jikoni. Jioni Mama Hidaya alikuja na kitambaa chenye maji kuusafisha, lakini kwa kuwa hakujua kusoma hakuthubutu kufuta lolote kabla ya kuuliza: "Hii mumemaliza?" Mwezi wa Ramadhani aliwapikia mchana huku midomo yake imekauka kwa saumu, na mtoto aliyeona haya kula mbele yake alikaripiwa mpaka akamaliza sahani.

Baadaye amani ilirudi, wakapanda tena kilimani, wakapata diploma, wakatawanyika. Miaka yote hiyo Michée, kila alipoota shule yake, aliota kilima. Uani kwa Mama Hidaya alipahesabu kama mahali pa kungojea tu, kama stesheni ambapo treni imeharibika.

Alasiri ile alichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa chini. Ziwa lilikuwa limepanda kuliko alivyolijua. Nyumba za mbele hazikuwapo tena, na maji yalicheza juu ya misingi yake. Ukuta wa chokaa ulikuwa umeanguka nao, na mahali pake pamewekwa mabati. Mama Hidaya alikuwa ameketi kivulini juu ya mkeka, amekonda, macho yake yameingia ukungu.

"Shikamoo, Mama."

Alimshika mikono, akaipapasa. "Sauti ya mutu ya Ankoro," akasema polepole. "Njo weye, Michée? Leila! Leta bukari, mutoto wetu amerudi!"

Mjukuu wake akaleta ugali huo na samaki aina ya mikeke wa kukaanga. Michée akala, akatoa salamu, akauliza habari za Abedi, aliyekuwa akifanya biashara Kigoma. Mama Hidaya alijibu yote, lakini alionekana mwenye neno lingine ulimini. Hatimaye akasogea.

"Nikuulize kitu, usinicheke. Yule mukubwa ya Wafaransa, ule wa vita mingi. Padre alikuwa anamusema siku ile bunduki zililia, mukalala wote chini. Kesho yake akaanza hesabu. Walimukamata, ao alikimbia?"

Michée aliacha tonge hewani. Akamwona Mama Hidaya kama alivyokuwa siku zile, mgongo umewaelekea, mwiko ndani ya sufuria. Wote walidhani anasikiliza maji yakichemka.

"Walimkamata, Mama. Walimpeleka kwenye kisiwa, mbali sana, katikati ya maji. Akafia huko."

"Kulikuwa mutu wa kumupokea?"

"Kulikuwa na askari wa kumlinda."

"Siulizi askari. Nauliza kama kulikuwa mutu wa kumupikia."

Michée akalirudisha tonge sahanini. Alikuwa amefundisha somo lile mara nyingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza swali hilo. Akacheka, kisha akaligeuzia ziwa macho yake mpaka yakatulia. Kile alichokitafuta kilimani asubuhi nzima kilikuwa kimeketi mbele yake juu ya mkeka, kinangoja somo liendelee.

"Nataka kuliandika jina lako katika historia ya koleji," alisema.

"Eh! Mimi nilipika. Kufundisha ilikuwa kazi ya Padre. Musitie uongo mu kitabu ya kanisa."

Kesho yake Abbé Achille alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu ikizunguka vidoleni mwake.

"Nikiandika kwamba shule ilihama, wazee wa kamati watauliza ilihamia wapi. Kwa nani."

"Kwa Mama Hidaya, mama wa Abedi. Waandikie hivyo hivyo."

"Sijawahi kumwona mama huyo katika sikukuu yetu hata moja."

"Hajawahi kualikwa, Abbé."

Nje, mafundi walikuwa wakibishana juu ya rangi ya mlango. Abbé alivuta karatasi, akaikata kwa mstari ile sentensi moja, na juu yake hakuandika kitu bado.

"Nina kipindi na darasa la sita saa nne," akasema. "Mlete."

Mama Hidaya alipanda kilima kwa moto iliyokwenda taratibu, akiwa na kitenge kipya na mtandio mweupe, Michée akimfuata kwa moto nyingine. Getini alishuka, akasita. Siku za kutangaza matokeo alikuwa akisimama hapo nje na wanawake wengine, maana ndani kulikuwa kwa wavulana na mapadre.

"Nitangoja hapa," alisema.

"Abbé anatungoja ndani, Mama."

Akakubali, ameshika mkono wa shati lake. Wakapita uwanjani, wakapita kanisa, wakaufuata ukumbi mrefu mpaka kwenye mlango ambao Abbé alikuwa ameushika wazi. Michée akamtanguliza.

Alipokanyaga kizingiti, viti vilikwaruza sakafu kwa pamoja, na darasa zima likasimama.

Mama Hidaya aligeuka haraka kutazama nyuma yake. Kisha akasogea kando ya mlango, akiukusanya mtandio wake, ili mkubwa aliyekuwa anakuja apate nafasi ya kupita. Ukumbini hakukuwa na mtu ila Michée. Wavulana waliendelea kusimama.